Somo: Kusafisha Raifo ya Bolti Kwenye Hewa ya Chumvi ya Dar

Mwenye bunduki anayeishi Dodoma anaweza kuisafisha baada ya msimu wa uwindaji na kuiweka. Sisi wa Dar hatuna nafasi hiyo. Nakaa Kigamboni, na mwaka mmoja niliiacha .375 H&H yangu, raifo ya kuwindia, ndani ya mkoba wa ngozi masika yote. Nilipoufungua, kutu ilikuwa imechora alama za vidole vyangu pale pale ninapoishikia. Iliniuma sana. Ngozi na turubai hufyonza unyevu na kuubana kwenye chuma, kwa hiyo mkoba ni wa safari tu.

Kwanza, toa risasi zote, fungua bolti (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma), angalia chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi ziende chumba kingine. Fanya hivyo hata kama umeitoa kabatini wewe mwenyewe sasa hivi.

Pili, chomoa bolti. Hapa ndipo raifo hii inapotusaidia: mtutu unabaki wazi kwa nyuma, unasafisha kuanzia chemba kuelekea mdomoni. Usianzie mdomoni. Ufito wa kusafishia ukiula ukingo wa mdomo, gesi itawahi kutoka upande mmoja, itaisukuma risasi, na shabaha itapotea. Fundi hodari atalazimika kuuchonga upya. Ndiyo maana nasisitiza ile neli ya plastiki inayokaa mahali pa bolti na kuongoza ufito. Ni kitu kidogo, lakini kinaokoa mtutu.

Tatu, pitisha kitambaa chenye dawa ya masizi, subiri dakika chache, kisha brashi. Brashi itokee mbele kabisa kabla ya kuirudisha, usiigeuze katikati. Malizia na vitambaa vikavu. Kitambaa kikitoka na rangi ya bluu, kuna shaba ya risasi imeganda ndani, rudia. (Brashi yenyewe ikiwa na shaba nayo hutoa bluu, basi isuuze kwanza.)

Nne, mafuta membamba ndani na nje, grisi kidogo nyuma ya meno ya bolti, yale yanayoifunga mahali pake. Ukishapaka, usiguse chuma kwa mkono mtupu.

Kisha kabati la chuma lenye kufuli, mdomo ukitazama chini, ili mafuta yaliyozidi yasitiririkie kwenye mbao za kitako. Masika mimi hukagua kila wiki mbili.

Maswali ya wenzetu

Shikamoo mzee. Nina risasi za zamani za kijeshi, mafuta yanatosha?

Marahaba. Hayatoshi. Fataki (kile kidude cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti) za nyingi kati ya hizo zina klorati ya potasiamu, na ikiwaka huacha chumvi mtutuni. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, inayeyuka kwenye maji. Pitisha maji ya moto siku hiyo hiyo, kausha sawasawa, ndipo upake mafuta.

Kaka, mafuta ya nazi je? Babu alikuwa anatumia.

Babu alitumia alichokuwa nacho. Ila nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi. Ukipanda nayo Arusha asubuhi ya Julai, bolti itakuwa nzito. Alizeti ndiyo mbaya zaidi, hukauka ikawa kama gundi. Nunua mafuta ya bunduki.

Mwalimu, nimeona bunduki za AR za Marekani, zile zinazojikoki zenyewe kila risasi inapotoka, zenye mkono wa kukokia ubavuni badala ya nyuma. Usafi wake ni tofauti?

Kwenye AR ya kawaida mkono huo uko nyuma, juu ya kitako, na huvutwa kwa vidole viwili. Ukihamishiwa ubavuni, mtu anakoki bila kuinua shavu kwenye kitako. Lakini mkono unaosafiri na bolti unahitaji mfereji ubavuni, na mfereji ni njia ya vumbi na mchanga wa pwani. Hapo ndipo pa kufuta kila mara. Kubadilisha sehemu za silaha usijaribu nyumbani, mdogo wangu. Hata hii yangu ya bolti, triga ilipolegea niliipeleka kwa fundi mwenye leseni, na kitabu cha umiliki mkononi.