SOMO: Andika hotuba yako mwenyewe, mimi situmi tena ya kunakili

Wakuu salaam. Msimu wa sendofu na mahafali umefika na simu yangu haipumui, kila mtu "kaka nitumie hotuba, nitabadilisha majina tu". Naandika mara moja, nipo hapa Mwanga, Kigoma, na leo umeme upo, atakayeniuliza tena namrushia hii.

1. Jua umeitiwa nini. Risala inasomwa kwa niaba ya kundi mbele ya mgeni rasmi: tumefanya nini, tumekwama wapi, tunaomba nini. Hotuba unaongea wewe. Nasaha kwa maharusi ni fupi kuliko zote hata kama wewe ndo baba mkubwa.

2. Uliza dakika. Ukipewa tano andika za nne. Kwa mwendo wangu wa ukumbini ni kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo 400 basi. Msiniambie ni kidogo, Lincoln, rais wa Marekani, kwenye hotuba yake kule Gettysburg mwaka 1863 alitumia maneno kama 270, na aliyemtangulia siku hiyo aliongea masaa mawili, haya nitajieni jina lake.

3. Andika sentensi moja ambayo unataka watu waondoke nayo. Isiyoisaidia hiyo, futa.

4. Tafuta kisa kimoja cha huyo mtu. Hapa ndo niliharibu mimi. Niliombwa niongee sendofu ya binti wa shangazi, nikaona shida ya nini, si ninayo ile niliyosoma kwenye sendofu nyingine na ilipigiwa makofi, nikaichapa upya, nikabadilisha jina juu, nikabadilisha katikati, nikasimama kwa mbwembwe zote. Ukurasa wa pili nikasoma jina la yule bibi harusi wa kwanza. Ukumbi kimya, unasikia jenereta tu. Wageni wa kuumeni wanatazamana, huyo ni nani tena? Na kisa chenyewe kilikuwa cha kuvuka ziwa kwa mtumbwi, wakati binti kakulia Kasulu na kuogelea hajui. Shangazi hakunisemesha mpaka Pasaka.
ONYO: usiguse hotuba ya zamani hata kama ni yako. Kisa kiwe umekiona, au umeambiwa na aliyekiona. Mwombe mhusika ruhusa kwanza. Na habari za wachumba wa zamani acha nyumbani, hata kama rafiki zako walicheka ulipowasimulia.

5. Soma kwa sauti umesimama, mara tatu. Pale ulimi unapojikwaa, ikate hiyo sentensi. Watu ukumbini wanasikia hawasomi, hawawezi kurudi juu kuangalia ulisema nini, ndo maana kurudiarudia kwenye hotuba siyo kosa. Mwalimu mwaka 1978 akitangaza vita na Amin: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Vipande vifupi, mpaka leo mtoto ambaye hakuwepo anavijua.

6. Chapa herufi kubwa, upande mmoja, weka namba za kurasa. Simu hapana, utapigiwa katikati.

7. "Kwa kumalizia" inasemwa mara moja. Ukishaisema, maliza.

MASWALI

Mgebuka_wa_Kibirizi: Shukrani kaka ila mimi ni kesho kutwa, nitumie tu hata moja.
— Namba 4.

Mgebuka_wa_Kibirizi: Nimesoma, ila bibi harusi mwenyewe simjui vizuri.
— Mpigie mama yake.

Ticha Nguruka: Mwalimu mwenzangu huku kaandika risala ya mahafali ina maombi kumi na mbili, nimsaidieje?
— Swali zuri ticha. Maombi kumi na mbili mgeni rasmi anachagua lililo rahisi, anawapa mpira anaondoka. Wekeni moja, mawili yakizidi, na mseme nyie wenyewe mmeshachangia nini. Matundu ya vyoo mmechimba, mnaomba bati: hapo anaona aibu kukataa.

Mjuaji255: Mbona Jumamosi wewe mwenyewe ulizidisha muda?
— Emsii aliniongezea. Tuendelee.

Kijana wa Ujiji: Shikamoo mkuu. Itifaki nitaje wote?
— Marahaba. Chukua majina kwa emsii mapema na uyasome mbele yake, usije ukakosea jina la mzee wa watu. Taja mgeni rasmi na wazee wa pande zote mbili, halafu "itifaki imezingatiwa", songa. Na kama wazee wengi ni Waha anza na salamu ya Kiha, utaona vichwa vinainuka.

Isevya_Tabora: Mimi naenda kuongea na wanachama ambao tayari wamekataa jambo. Naanzaje?
— Wewe uko Tabora unaniuliza mimi? Januari 1958 TANU walikutana hapo hapo kwenu juu ya kura tatu, kwamba kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walitaka kususia. Nyerere naye hakuupenda utaratibu ule, ila alitaka waingie, na mkutano ukakubali kuingia. Anzia pale mnapokubaliana, kwamba jambo lenyewe baya, halafu ndo uongelee njia. Wote hutawapata, Zuberi Mtemvu alitoka akaanzisha chama chake.

Isevya_Tabora: Dah, kura tatu naijua ila sikuwahi kuiwaza hivyo. Asante sana.

Mama Gungu: Ongeza la maiki, wanaipuliza pu pu pu tunaziba masikio.
— Kweli mama. Vidole vinne kutoka mdomoni, na usisimame mbele ya spika itapiga yowe. Wa kumbi za wazi ufukweni bandikeni karatasi kwenye kadibodi, upepo wa ziwa hauna itifaki.

Mama Gungu: Na mikono haionekani ikitetemeka.
— Hiyo sikuiwaza, naiba.

Mgebuka_wa_Kibirizi: Kaka nimempigia mama yake tumeongea mpaka salio likaisha, sasa nina visa sita, nichague kipi?
— Kile ulichoendelea kucheka simu ikiwa imeshakatika.

Mgebuka_wa_Kibirizi: Kuna cha mbuzi kuingia kanisani.
— Cha mbuzi. Ila ruhusa kwanza.