Jinsi ya kupata dawa ya nguvu za kiume kwa daktari au famasia, na kuitumia ikafanya kazi

Kwanza jua unachokwenda kukiomba. Katika mazungumzo yetu neno "nguvu za kiume" limebeba matatizo matatu tofauti: uume kutosimama imara au kulala kabla ya tendo kwisha, kumaliza mapema, na kukosa hamu. Vidonge vya sildenafil, tadalafil, vardenafil na avanafil hutibu lile la kwanza tu. Anayemaliza mapema ana tiba yake, na aliyepoteza hamu huenda testosteroni yake, yaani homoni ya kiume, imeshuka au ana sonona. Ukisema tu "sina nguvu" dirishani, unaweza kutoka na kidonge kizuri cha tatizo usilo nalo, kisha ukaamini kwamba wewe huna dawa.

Kabla hujatoka nyumbani, andika kila dawa unayotumia pamoja na kiasi chake: za hospitali, za miti shamba, za kila siku na zile za mara mojamoja. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama utapewa kidonge, cha miligramu ngapi, au hutapewa kabisa.

La kutazamwa mbele ya yote ni nitrati. Hizi ni dawa za maumivu ya kifua yatokanayo na moyo: vidonge vya kuweka chini ya ulimi au dawa ya kupuliza ya nitrogliserini, isosorbide dinitrate na isosorbide mononitrate. Mwanamume anaposisimka, mishipa ya uume huzalisha kemikali iitwayo cGMP, ambayo hulegeza misuli ya mishipa ili damu ijae. Kimeng'enya cha PDE5 huivunja kemikali hiyo, na sildenafil na wenzake hukizuia kimeng'enya hicho. Nitrati nazo huongeza cGMP ileile katika mishipa ya mwili mzima. Zikikutana, presha huporomoka ghafla na mtu anaweza kufa. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama katika mchanganyiko huo. Vimiminika vya kunusa viitwavyo "poppers" vimo katika katazo hilo, na riociguat, dawa ya presha ya mishipa ya mapafu, pia.

Dawa nyingine hazikatazi, ila hubadilisha kipimo. Anayetumia tamsulosin au doxazosin kwa ajili ya tezi dume au presha huanzia chini, na baada ya mwili kuizoea kwanza ile dawa ya tezi. Ritonavir, iliyomo katika baadhi ya mchanganyiko wa ARV, huizuia sildenafil isitoke mwilini. Kwa mtu huyo kikomo ni miligramu 25 ndani ya saa 48. Ketoconazole na itraconazole za fangasi, pamoja na erythromycin, nazo humfanya mtu aanze na 25. Juisi ya balungi pia inaweza kuipandisha dawa katika damu, kwa hiyo iache siku hiyo.

Orodha hiyohiyo mara nyingi humwonyesha daktari chanzo cha tatizo. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojosha na za kundi la atenolol, huweza kuudhoofisha uume. Fluoxetine, paroxetine na sertraline za sonona pia, na finasteride ya tezi dume vilevile. Usiziache kwa uamuzi wako. Mwambie daktari, kwa sababu mara nyingi ipo ya kubadilisha.

Kwa daktari

Kama una uwezo wa kumfikia daktari, anzia kwake hata pale sheria inaporuhusu famasia ikuuzie moja kwa moja. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo. Mafuta yanapoanza kuziba mishipa ya mwili, uume huweza kulalamika miaka kadhaa kabla ya kifua. Mwanamume wa miaka 45 ambaye uume wake umelegea polepole bila sababu ya wazi anahitaji kupimwa moyo, sukari na presha, na kidonge peke yake kinaweza kulifunika onyo hilo.

Sema mapema, ukishaketi tu. Wengi huzungumzia mgongo kwa dakika kumi, kisha hulitaja jambo lenyewe wakiwa wameshika kitasa cha mlango, na muda umekwisha. Sentensi moja yatosha: "Daktari, uume wangu hausimami vizuri, sasa ni mwezi wa nne."

Atakuuliza lilianza ghafla au polepole, linatokea kila mara au siku nyingine, na kama unaamka asubuhi uume ukiwa umesimama. Hilo la mwisho si umbea. Uume unaosimama vizuri usingizini au alfajiri unaonyesha kwamba mishipa ya damu na ya fahamu inafanya kazi, na huenda chanzo kipo kwenye hofu, msongo au uhusiano. Atauliza kuhusu pombe, sigara, kisukari, upasuaji wa nyonga au tezi dume. Jibu kwa ukweli. Daktari huyasikia haya kila wiki.

Vipimo vya kutarajia ni presha, sukari ya damu, mafuta ya damu na testosteroni. Damu ya testosteroni hutolewa asubuhi, kati ya saa 1 na saa 5, kwa sababu homoni hii hushuka kadiri siku inavyosonga. Jibu likiwa chini, hurudiwa siku nyingine kabla ya mtu kuanzishiwa homoni.

Kisha huja swali la moyo: je, unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa haraka bila maumivu ya kifua wala kuishiwa pumzi? Tendo la ndoa huutaka moyo kazi ya kiasi hicho hivi. Aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo ndani ya miezi 6, mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia, na mwenye presha zaidi ya 170/110 au chini ya 90/50 husubiri hali itulizwe kwanza. Mwenye selimundu aseme pia, kwa kuwa yuko katika hatari kubwa zaidi ya uume kusimama na kukataa kulala.

Kuchagua kidonge

Sildenafil hutumika siku ya kuhitajika, saa 1 kabla ya tendo, na nguvu yake hukaa kama saa 4 au 5. Kipimo cha kawaida cha kuanzia ni miligramu 50; mwenye zaidi ya miaka 65, ini bovu au figo zilizochoka sana huanza na 25. Kikomo ni 100, mara moja ndani ya saa 24. Tadalafil huanza na miligramu 10 na kikomo chake ni 20. Inaweza kuanza kufanya kazi baada ya dakika 30, lakini hufikia kiwango chake cha juu katika damu baada ya saa 2 hivi, na msaada wake unaweza kudumu hadi saa 36. Anayekutana na mwenzake mara mbili au zaidi kwa wiki anaweza kuandikiwa tadalafil ndogo ya kila siku, miligramu 2.5 au 5, akaacha kutazama saa. Kwa wenza wengi hiyo ndiyo tulivu zaidi, na inafaa kuiulizia wewe mwenyewe.

Famasia

Omba mzungumze pembeni. Mfamasia mzuri atauliza umri, moyo, presha, ini, figo, macho na dawa nyingine. Asipouliza chochote, mpe ile karatasi wewe. Akiipuuza, nunua kwingine. Kanuni hiyohiyo hutumika kwenye mtandao: muuzaji anayetuma vidonge hivi bila cheti na bila swali hata moja si famasia.

Nunua pakiti iliyofungwa, yenye jina la dawa, miligramu, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na jina la mtengenezaji, na uhakikishe namba ya ndani inalingana na ya boksi. Usichukue vidonge visivyo kwenye pakiti yake. Dawa isiyo ya chapa maarufu lakini iliyosajiliwa ina kiambato kilekile, basi bei isikutie shaka. Kinachopaswa kukutia shaka ni asali, kahawa na vidonge vya "asili tupu" vinavyofanya kazi ndani ya nusu saa. Mamlaka za dawa zimekamata bidhaa za namna hiyo mara nyingi na kukuta sildenafil au tadalafil isiyoandikwa popote. Mgonjwa wa moyo anayemeza nitrati huila asali hiyo akidhani yuko salama.

Kwa nini "haifanyi kazi"

Mara nyingi kosa liko kwenye matumizi. Sildenafil iliyomezwa juu ya mlo wenye mafuta mengi huchelewa kama saa nzima. Imeze tumbo likiwa jepesi. Tadalafil haisumbuliwi na chakula. Kosa jingine ni kumeza na kukaa kusubiri: kidonge hakileti msisimko, huusaidia ukishakuwapo, na bila mguso na hamu hakuna kitakachotokea. Pombe nyingi huuangusha uume na presha pamoja. Na wengi hukata tamaa baada ya jaribio moja lililojaa wasiwasi, ilhali inashauriwa kujaribu mara 6 hadi 8, kwa kipimo cha juu ulichoruhusiwa, ndipo useme dawa imeshindwa. Usiongeze kipimo mwenyewe usiku uleule, wala usichanganye aina mbili.

Kichwa kuuma, uso kupata joto, pua kuziba na kiungulia ni kawaida na hupita. Tadalafil huweza kuumiza mgongo na misuli. Sildenafil huweza kuyapa macho rangi ya buluu kwa muda. Nenda hospitali bila kuchelewa uume ukisimama zaidi ya saa 4, kwa sababu damu iliyokwama huua nyama za ndani, na ulemavu wake unaweza kuwa wa kudumu. Vivyo hivyo ukipoteza ghafla uwezo wa kuona au kusikia.

Kifua kikibana wakati wa tendo, acha, kaa, piga simu ya dharura, na umwambie mhudumu wa kwanza atakayekufikia ni kidonge gani ulimeza na saa ngapi. Aibu ya dakika hiyo isikunyamazishe. Bila kujua, anaweza kukupa nitrati, ambayo haipaswi kutolewa ndani ya saa 24 baada ya sildenafil na saa 48 baada ya tadalafil. Mwenzako naye ajue mapema, ili aseme endapo wewe huwezi.

Majaribio yote yakishindikana, rudi kwa daktari na hesabu yako: umetumia mara ngapi, miligramu ngapi, baada ya mlo gani. Wenye kisukari cha muda mrefu na waliopasuliwa tezi dume ndio ambao vidonge huwasaidia kidogo zaidi, na kwao ipo pampu ya kuvuta damu, sindano ya alprostadil anayojifunza mtu kujichoma mwenyewe ubavuni mwa uume, na mwisho kabisa kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji.