Samaki mgeni haingii tangini siku ya kwanza

Tangi langu la lita 200 lipo saluni kwangu Kirumba, Mwanza, kando ya benchi wanapokaa wateja wanaosubiri kusukwa. Ndani wamo furu kumi na mmoja, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, moli sita, samaki wa mapambo wa kununua, na gogogo mmoja anayeshinda chini ya jiwe mchana kutwa, akitoka tu tukizima taa. Mwaka jana walikuwa wengi zaidi. Nilipoteza tisa ndani ya wiki mbili, kwa sababu nilipokea moli wanne waliosafiri usiku kucha kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 ndani ya mfuko, nikawatia kwa wenzao saa ileile. Walionekana wachangamfu, nikaridhika.

Siku ya tano furu dume mwenye mgongo mwekundu alianza kujikuna. Alikuwa anapita mbio kando ya jiwe, anageuza ubavu, anajisugua, anaondoka. Nilidhani anawatishia wenzake. Siku ya saba mapezi yake yalikuwa na vitone vyeupe kama chembe za chumvi laini, na moli wawili walikuwa wanatweta juu karibu na hewa. Ukiona samaki anajikuna hivyo, usingoje vitone. Mara nyingi kimelea huanzia kwenye matamvua, mahali ambapo jicho lako halifiki.

Basi anza na mfuko wenyewe. Uelee juu ya maji ukiwa bado umefungwa, dakika 15 hadi 20, ili joto lilingane. Ukishaufungua, usikawie. Samaki akiwa safarini hutoa amonia, lakini pumzi yake huyafanya maji ya mfukoni yawe na asidi, na amonia ikiwa kwenye asidi haina ukali sana. Hewa ikiingia tu, asidi inapungua na amonia inakuwa sumu. Kwa hiyo mshike samaki kwa wavu, mhamishe, na maji ya mfukoni yamwage. Tone lake lisiingie tangini.

Na anahamishiwa karantini. Yangu ni beseni la plastiki la lita 40, lipo stoo, limefunikwa wavu kwa sababu furu anaruka. Halina mchanga wala mawe. Nimeweka kipande cha bomba pana ili mgeni apate pa kujificha, hita, kipimajoto na sponji la kuchujia linalopulizwa na pampu ya hewa. Sponji hilo ndilo moyo wa kazi yote. Linakaa mwezi mzima ndani ya tangi kubwa kabla sijalihitaji, ili bakteria wanaobadilisha amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na ukali sana, wawe wameshajaa. Sponji jipya kutoka dukani huchukua wiki nne hadi sita kufikia hapo, na mgeni wako atakuwa ameshakufa kwa sumu ya amonia yake mwenyewe. Kila baada ya siku mbili natoa robo ya maji na kurudisha ya bomba yaliyolala wazi kwenye ndoo siku nzima, klorini itoke. Chakula ni kidogo. Karantini ina wavu wake, kikombe chake na mpira wake wa kunyonyea uchafu. Nalisha tangi kubwa kwanza, karantini baadaye, kisha nanawa mikono.

Muda ni wiki nne. Najua ni mrefu.

Kijana mmoja mvuvi huniletea furu mara mojamoja. Aliwahi kuniambia, "Mama, huyu katoka ziwani leo asubuhi, ana nguvu zake, mtie tu." Nikamjibu, "Mwanangu, hata huyu analala stoo mwezi." Samaki wa ziwani hubeba chawa wa samaki na minyoo, na maji ya ziwani pia siyatumii kabisa, maana yana vimelea vya samaki na huenda yakawa na vya kichocho cha binadamu.

Sasa vitone vyeupe. Kila kitone ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, na hapo dawa haikifikii. Kikishiba kinadondoka, kinajibandika kwenye mchanga au jiwe, kinajigawa mara nyingi, halafu vinatoka vidogo kwa mamia vikiogelea kutafuta samaki. Visipompata kwa siku mbili hivi, vinakufa. Ni hao waogeleaji tu ambao dawa inawaua. Mimi mara ya kwanza, siku ya nne ya tiba, niliona furu wangu amesafika kabisa, nikaacha chumvi na kubadilisha maji. Vitone vile vilikuwa vimedondoka kwenda kuzaa. Baada ya siku nne tangi zima lilikuwa jeupe, na hapo ndipo vifo vilipofuatana.

Mara ya pili nilifanya hivi. Nilitibu tangi zima, si mgonjwa peke yake, kwa kuwa waogeleaji wako kila mahali. Nilipandisha joto kutoka nyuzi 25 hadi 30 kwa siku tatu, taratibu, huku nikiongeza pampu ya pili ya hewa, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Chumvi ya mawe niliipima kwa mizani: gramu 2 kwa kila lita, yaani gramu 400 kwa tangi langu. Niliiyeyusha kwanza kwenye jagi na kuitia kwa mafungu matatu ndani ya siku moja. Kila nilipotoa lita 50 za maji nilirudisha na gramu 100 za chumvi. Mimea niliing'oa mapema. Gogogo hana magamba, chumvi na dawa humuumiza upesi, hivyo nilimtenga kwenye beseni lake kwa joto lilelile na nusu ya chumvi. Tangu kitone cha mwisho kipotee nilihesabu siku kumi kamili ndipo nikaanza kuipunguza chumvi kidogo kidogo.

Ukitumia dawa ya dukani badala ya chumvi, toa mkaa kwenye chujio, la sivyo mkaa unaifyonza yote. Dawa ya bluu (methylene blue) itumie kwenye beseni tu, sponji ukiwa umelitoa. Huua bakteria wa sponji. Na tafadhali sana, usimwage vidonge vya tetrasaiklini vya binadamu tangini kwa kubahatisha. Haviui vitone vyeupe, vinaua bakteria wanaokusaidia, na amonia inapanda juu ya wagonjwa.

Maji ya tangi lenye ugonjwa nayamwaga kwenye udongo, kamwe si kwenye mfereji unaoelekea ziwani. Samaki wa kununua naye haachiliwi ziwani hata ukimchoka. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka. Dume wangu mwekundu ni wa aina ambayo tangu 1985 ina jina la Mwalimu, Pundamilia nyererei. Nikimtazama, nakumbuka ni wangapi hawapo tena.

Jambo la saluni: pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumbani, pamoja na spreyi ya nywele. Yangu nimeihamishia dirisha la nyuma, mpira ukapita ukutani.

Wiki nne zikiisha salama, furu wenyeji bado watampiga mgeni, kwa sababu kila dume ana jiwe lake. Simwingizi mmoja peke yake. Nangoja wawe watatu au wanne, ili kipigo kigawanyike. Jioni nalisha wenyeji washibe, nayahamisha mawe yote hadi kila mmoja apoteze mpaka wake, nazima taa, kisha nawatoa wageni kwa wavu mmoja mmoja. Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, natazama mapezi: mgeni aliyechanika anarudi stoo siku tatu, na dume aliyemchana ndiye anayetengwa wiki nzima, ili akirudi awe yeye mgeni.