Mulimuli unakufa kwa panga, si kwa ukame

Mulimuli, mti wetu wa dawa, ukikauka pembeni mwa shamba huko Chamwino au Bahi, Dodoma, lawama zote hutupiwa ukame. Nenda kaangalie shina. Utakuta limebanduliwa gome mzunguko mzima, kuanzia gotini hadi kiunoni, ubao mweupe unapigwa jua.

Najua mnavyoutumia. Magome huchemshwa kwa homa na maumivu ya tumbo, mizizi kwa kichocho, na wapo wanaonunua kwa mafungu. Hayo mnayajua kuliko mimi. Langu ni panga linavyopita.

Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia upande wa ndani wa gome. Ukikata duara kamili, mizizi inakaa na njaa. Kinachowadanganya wengi ni kwamba maji hupanda kupitia ubao, kwa hiyo majani hubaki mabichi kwa miezi, na mtu anajisifu kwamba mti wake haujafa. Unakufa, ila taratibu.

Sasa vipimo, na naomba msivikadirie kwa macho. Zungusha kamba kwenye shina, kisha ikunje iwe sehemu nne sawa. Robo hiyo ndiyo mwisho wa upana wa gome la kubandua; mimi nashauri uchukue nusu yake tu. Shina la mzunguko wa sm 40, robo ni sm 10, basi bandua sm 5. Urefu usizidi sm 30, kwa wima, kamwe si kwa kukingamisha. Shina lenye mzunguko chini ya sm 30 liache likue. Chora kwanza kwa ncha ya kisu kikali, kisha inua kipande bila kukwangua ule ute unaoteleza juu ya ubao, maana gome jipya huanzia hapo. Yule anayekwangua mpaka pakavu ili "dawa isibaki" amejinyima dawa ya miaka ijayo. Ukimaliza, paka kidonda tope. Upande wa pili usiguswe mpaka wa kwanza ufunge.

Bandua Januari hadi Machi, asubuhi, mti ukiwa na majani na ardhi ikiwa na unyevu. Kuanzia Agosti mulimuli hutoa maua ya njano bila majani, unaishi kwa akiba yake. Na ndipo watu wanapojaa porini kwa kuwa shambani hakuna kazi! Anika kivulini gome la Machi, litunze kwenye gunia, litakufikisha kiangazi.

Mizizi ni balaa zaidi. Mzizi mkuu hauguswi. Chimba mita moja na nusu kutoka shinani, upande mmoja, chukua ya pembeni isiyozidi unene wa kidole gumba, na ufukie siku hiyohiyo. Shimo wazi huvunja mguu wa ndama.

Mvua zijazo, kingo za kidonda zikivimba kuelekea katikati, umepatia.

Mjamzito asinyweshwe dawa hii, na homa ya mtoto ipimwe zahanati kwanza. Kwenye msitu wa kijiji, pitia kwa kamati upate ruhusa kabla ya kushika kisu.

Anayetaka mulimuli wake mwenyewe asubiri yale maganda marefu yakomae, atoe mbegu na kutupa zilizotobolewa na wadudu. Mwagia maji ya moto, ziache humohumo yapoe, zilale saa 24, kisha panda kwenye viriba. Miche ihamie shambani mvua za Desemba zikishika, na mbuzi wafungwe.