SOMO: Kepu ya sufu ya kujishonea nyumbani, kwa wale wa safari za Njombe na Makete

Habarini wana cherehani. Najua mtaniuliza mtu wa Dar anashona sufu ya nini na joto hili, ila mwezi wa sita na wa saba watu wanapanda kijijini, na ukishuka Makambako usiku na kimtandio chako utajua hujui.

Hii ni kepu ya duara zima, unaitupia mabegani, haina mikono, kwa hiyo hata kama mikono ya gauni inakushinda hii utaiweza. Kazi ya cherehani yenyewe ni ndogo, kazi iko kabla ya cherehani na wengi wanairuka.

KITAMBAA. Kinatakiwa cha upana wa sm 150, chukua mita 1.7 (mita moja na nusu ni ya duara, kilichobaki ni kola). Kariakoo ukiomba sufu utaletewa vitu vingi ambavyo ni poliesta tupu, kwa hiyo chomoa nyuzi kadhaa uziwashe kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole, poliesta inayeyuka inaacha kidonge kigumu. Mimi binafsi naona blanketi la sufu la mtumba ni zuri kuliko vingi vya dukani, mradi ulikague kwenye mwanga maana nondo wanatoboa.

KUKIRUDISHA. Sufu inarudi ikipata mvuke, sasa bora irudi ikiwa bado kitambaa kuliko ikiwa nguo. Lowesha kanga kuukuu, ikamue, itandike juu halafu pasi uibonyeze na kuinyanyua, USIBURUTE, unaenda hivyo hivyo mpaka kitambaa kizima kimepita, kisha kiache kikauke kikiwa kimelala. Fanya jioni feni ikiwa inazunguka la sivyo utaoga jasho.

KUKATA. Pima shingo pale chini kabisa, gawa kwa 6.28, unapata kipimo cha kutoka katikati ya tundu la shingo mpaka ukingo wake. Shingo ya 42 inakupa kama sm 6.7, toa sm 1 ya mshono, unabaki na 5.7. Kunja kitambaa mara moja tu (mara nne kinakuwa kinene mkasi unateleza), weka alama katikati ya mkunjo, funga chaki kwenye uzi wa sm 75 uzungushe nusu duara. Kisha lile dogo la shingo, na hapa anza na sm 5 kwanza maana tundu dogo utaliongeza ila kubwa halirudi. Fungua, kata mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingoni mpaka shingoni, ndo mbele hiyo. Mbele ya shingo chimba kidogo, sm 1 na nusu hivi, bila hivyo kepu itakukaba na nyuma itakuwa inavuta.

KUSHONA. Sindano namba 16, mshono mrefu wa milimita 3 mpaka 3.5. Kabla ya chochote pitisha mshono mmoja kuzunguka shingo, maana duara linavutika ukilishikashika. Kisha itundike USIKU MZIMA kwenye hanga. Sehemu zilizokaa mshazari zitashuka zenyewe, asubuhi mwambie mtu aivae umlinganishie pindo kwa rula kutoka sakafuni. Ukiruka hapa utashona pindo zuri na wiki ijayo litakuwa linaning'inia huku na huku.

Kola ni kipande cha sm 10 kwa urefu wa shingo na sm 2 za mishono, kunja mara mbili, shona. Ukingo wote wa mbele na chini usiupinde, utakuwa mnene, uvishe utepe wa satini. Shingoni ndoano moja au kifungo kikubwa na kitanzi. Basi.

MASWALI

Mama Wawili: Dada asante kwa somo. Mimi ni mnene wa kifua, itanitosha?
– Itatosha mpendwa, duara zima lina nafasi ya kutosha mabegani na kifuani. Kitakachokusumbua ni urefu. Ukitaka ya sm 85 itabidi ukate nusu duara mbili uziunge mgongoni, hapo andaa karibu mita 4.

Kaka wa Tandika: Cherehani yangu ya miguu inaruka mishono kwenye sufu, shida nini mkuu?
– Badilisha sindano kwanza kaka, nyingi zimeshakuwa butu. Halafu legeza mkandamizo wa mguu wa cherehani, kitambaa kinene kinahitaji kupita.

Shangazi wa Mbagala: Mwanangu inafuliwaje? Isije ikawa ya mtoto.
– Shikamoo shangazi. Maji ya baridi, sabuni laini, usisugue wala usikamue kwa kuisokota, izungushie taulo uibonyeze ndo uilaze kivulini. Maji ya moto pamoja na kusugua ndo yanaifanya ijikunyate.

Mgeni hapa: Mikono inatokea wapi sasa nikitaka kubeba begi??
– Chini ya ukingo tu unanyanyua. Ukitaka matundu, yachore ukiwa umeivaa mbele ya kioo, wima, kama sm 20, uyavishe utepe ule ule.

Mama Wawili: Na bitana je?
– Kama sufu inakuwasha weka satini mabegani tu. Bitana nzima kwenye duara inashuka tofauti na sufu, utahangaika bure.