Somo: Ukuta wa besimenti umetuna kuelekea ndani, uanzie wapi?

Nyumba nyingi za zamani huku Ohio, Marekani, zina besimenti (chumba cha chini ya ardhi) yenye kuta za bloku. Ukuta unaosukumwa na udongo haufichi: ufa mrefu wa kulala karibu na katikati ya kimo chake, na kwenye pembe nyufa zinazopanda kama ngazi. Ufa mwembamba wa kusimama kwenye ukuta wa zege ya kumwaga ni habari nyingine; mara nyingi zege imesinyaa tu.

1. Pima. Ning'iniza timazi kwenye mbao za dari hadi karibu na sakafu. Pima kutoka uzi hadi ukutani juu, katikati na chini, kisha sogea upime tena. Andika vipimo na tarehe ukutani kwa penseli. Theluji ikishayeyuka, rudia.

2. Ondoa maji. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Udongo wa mfinyanzi ukilowa huvimba, ukiganda husukuma. Maji yakisimama kimo cha mita 2 nyuma ya ukuta, kila mita moja ya urefu wake inabeba msukumo wa kama tani 2, na udongo bado hujauhesabu. Safisha gata (mifereji ya maji ya paa), refusha bomba la kushushia limwage mita 2 au zaidi mbali na nyumba, jaza udongo uteremke sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Ni koleo na toroli tu. Anayeruka hatua hii na kukimbilia vyuma anameza panadol huku malaria ipo.

3. Ita mhandisi anayelipwa kwa ripoti yake tu. Yule wa "makadirio bure" hajawahi kukutana na ukuta usiohitaji bidhaa yake.

4. Shikilia ukuta. Ukiwa umetuna chini ya sentimita 5 hivi, tepe za nyuzi za kaboni hutosha. Rangi isagwe yote hadi bloku tupu ndipo gundi ya epoksi ishike, na utepe ufungwe juu na chini. Bila hivyo ukuta unaweza kuteleza kwenye kitako. Ukizidi hapo, nguzo za chuma: mguu ndani ya zege ya sakafu, kichwa kwenye mbao za dari. Mbao zikienda sambamba na ukuta, zikingamishiwe vipande vya mbao kati yake, la sivyo nguzo itapinda ubao mmoja tu. Ukuta ulioteleza kwenye kitako hubomolewa, ukajengwa upya.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nilipaka rangi ya kuzuia maji na ufa haupo tena. Bado kuna haja?*
Marahaba. Ufa upo, umefunikwa. Tena rangi hiyo itabidi isagwe.

*Kaka, nguzo zitaunyoosha?*
Hapana, zitausimamisha hapo ulipofika. Kuunyoosha ni mpaka udongo wa nje uchimbwe. Kabla ya kuchimba piga simu namba 811, wahusika waje kuweka alama za mabomba ya gesi na nyaya, bila malipo. Shimo la kina hicho waachie wenye vifaa; likiporomoka hutapata hata nafasi ya kupiga kelele.

*Nataka kuuza. Nifunike kwa jipsamu?*
Usithubutu, dada. Fomu ya taarifa za nyumba ya Ohio inamuuliza muuzaji wazi kama anajua kusogea au nyufa za msingi na kuta, naye anatia sahihi. Tengeneza, kisha mpe mnunuzi ripoti ya mhandisi pamoja na kibali cha jiji.