Ukisema "uyoga" ongeza neno la pili: jinsi ya kulitumia hili neno sokoni, porini na mtandaoni

Siku moja shangazi alinituma sokoni, akaniambia tu leta uyoga. Nimefika mama muuzaji ananiuliza uyoga gani mwanangu, wa kichuguu au mamama, mbichi au mkavu? Nikabaki nimeduwaa. Toka siku hiyo nikajua hili neno peke yake halitoshi, yaani Kiswahili kimebeba chakula, sumu, bomu na lawama kwenye neno moja, usipoongeza neno la pili mbele yake unaweza kueleweka vibaya au hata kudhurika.

Tuanze na sokoni. Ukitaka ule mpana unaofanana na sikio, kofia nyeupe au kijivu, unaoota kwenye mifuko ya nailoni, sema mamama. Huo ndio wakulima wengi wa Tanzania wanaolima majumbani kwa mabua ya mahindi, majani ya mpunga au maganda ya pamba. Ukitaka ule mdogo wa duara mweupe unaokatwa slaisi juu ya piza sema vifungo, ila kwenye menyu za hoteli utakuta wameandika mashrumu tu, wala usiogope, mara nyingi ni huo huo. Halafu kuna wa kichuguu, huo usiombe mtu akulimie maana wenye shamba ni mchwa wenyewe, wanalima kuvu ndani ya kichuguu chao, mvua zikianza kofia zinatoka juu na ukichimba unakuta mguu mrefu unashuka mpaka kwenye makazi yao. Kwa hiyo ni wa msimu, na ukiuona nunua siku hiyo hiyo kwa sababu mbichi haukai, kesho umeshalainika na kunuka. Usihesabu moja mbili tatu kama mayai, sema fungu, pakiti au kilo, na sarufi yake ni "uyoga huu umeharibika", sio "hizi zimeharibika".

Ukivuka mpaka neno linabadilika pia. Lubumbashi na huko Katanga, kusini mwa Kongo, watakuelewa haraka ukisema bowa. Uganda kwa Waganda ni butiko, na hapo angalia heshima, maana Butiko ni ukoo kabisa wa Buganda wenye uyoga kama mwiko wao, na mtu wa ukoo huo hali mwiko wake, so usimkaribishe mgeni sahani ya uyoga kabla hujajua ni wa ukoo gani.

Sasa porini, na hapa naomba usome taratibu. "Uyoga" haimaanishi "unaliwa". Kuna uyoga mkubwa mweupe unaota kwenye majani ya bustani na viwanja vya mpira baada ya mvua, unavutia kabisa, lakini ukikomaa chini ya kofia panageuka kijanikibichi, huo unatapisha na kuharisha vibaya ndani ya masaa machache. Ule wenye sumu kali zaidi unaoua ini unachelewa kuonyesha dalili, unaweza kula jioni ukalala vizuri, tumbo likaanza baada ya masaa sita mpaka ishirini na nne, kisha unajisikia nafuu kidogo na huku ini linaendelea kuharibika. Nafuu hiyo ndiyo inayowaponza watu, wanarudi nyumbani kabla hawajapona. Na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha, haiishi kwa kukausha. Yale mambo ya kuweka kitunguu au kijiko cha fedha kwenye sufuria uone kama kitageuka rangi, au kusema wadudu wameula basi ni salama, achana nayo kabisa. Kama huna mzee wa eneo lile lile anayeujua kwa jina na anaula kila mwaka, usichume. Na mtu akishakula akaanza kutapika, beba mabaki ya uyoga wenyewe mpeleke hospitali, usisubiri asubuhi.

Kwenye habari utasikia makanisa, shule au matapeli wa mikopo ya simu "wanaota kama uyoga". Maana yake ni wengi, wametokea ghafla, na hakuna anayewasimamia. Ina lawama ndani yake, kwa hiyo usimwandikie rafiki yako pongezi kwamba matawi ya duka lake yanaota kama uyoga, ataona unamsema. Mi nadhani uyoga unaonewa kidogo kwenye msemo huu, maana aliyewahi kulima mamama anajua kuna wiki mbili tatu mfuko unakaa gizani, utando mweupe unatembea taratibu mpaka uenee wote, ndipo kofia zinatoka kwa siku chache. Hakuna ghafla pale.

Halafu kuna "wingu la uyoga". Hapo hatuzungumzii chakula wala mvua, ni moshi wa mlipuko mkubwa unaopanda kama mguu halafu unatanuka juu kama kofia, kama ule wa bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 na Nagasaki siku tatu baadaye. Usilitumie kwa wingu la kawaida la mvua hata kama limefanana, msomaji atashtuka.

Na usichanganye majirani zake. Kuvu ni familia nzima, uyoga ni tunda tu la baadhi yao. Ukungu ni ule wa kwenye mkate uliolala. Duka la dawa unaomba dawa ya fangasi, ukisema dawa ya uyoga watakuangalia tu.

La mwisho ni kwa nyie mnaouza mamama kwa status za WhatsApp. Ile emoji 🍄 nyekundu yenye madoa meupe sio uyoga mnaouza, ni uyoga wa sumu wa Ulaya unaoota chini ya mipaini na umesafiri na miti hiyo mpaka Afrika. Watoto wanauona kwenye magemu ya Mario wanaupenda. Piga picha ya fungu lako mwenyewe uweke, na chini yake andika: mamama mbichi, umechumwa leo asubuhi.